Tairi Lililotupita

South C, Nairobi
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Mpendwa Aba,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na vitunguu, na mbuzi, na yule punda mkaidi. Mimi huku ni mzima. Nairobi ni amani. Kazi ni amani: bado ninapima magunia ya miraa pale uwanja wa ndege wa Wilson kabla hayajapakiwa, halafu ndege zinaruka na kuniacha na mizani yangu, lakini ni amani. Alice Ewesit anakusalimu sana. Bado tunaishi chumba kimoja, bado anatengeneza ndege mchana na kukoroma usiku, na bado anakana kwamba anakoroma. Mvua imeanza. Paa halivuji.

Sasa, Aba, kuna jambo dogo.

Nimeitwa kwenye mahojiano ya kazi ya urubani. Ni tarehe ishirini na tisa mwezi huu, kampuni ile ile kubwa ya ndege za abiria niliyokutajia mwaka jana. Utajiuliza mbona wananiita tena. Nilipokuja nyumbani Idd juzi uliniuliza, "Ile kazi vipi?" nikakujibu, "Amani, Aba, bado wanaangalia." Hawakuwa wanaangalia. Waliniita Oktoba, na nilianguka. Nilinyamaza kwa sababu uliuza lori ili mimi nisomee kuruka, na mbele ya sinia la pilau sikujua mtu anasemaje kwamba ameanguka na lori la babake.

Maswali ya karatasi niliyapita yote. Nilianguka kwenye simuleta, ile ndege ya mazoezi iliyofungwa sakafuni ambayo ukikaa ndani unaona mawingu na kila kitu. Kapteni mmoja mwenye mvi alikaa kushoto, mimi kulia. Tulipopaa tu, taa nyekundu ikawaka upande wangu. Akauliza, "Vipi hapo?" Nikamjibu, "Tuko salama, Kapteni. Mwendo mzuri, hewa nzuri, tunaendelea vizuri. Ila tu injini ya kulia imezima."

Kwenye ripoti waliandika kwamba nina mikono mitulivu na najua kazi, lakini habari mbaya naitoa nikiwa nimechelewa, na kwa rubani hiyo ni hatari.

Nimeisoma mpaka nimeikariri na bado sielewi. Sikumficha kitu, Aba. Nilimwambia! Sasa wamenipa nafasi ya pili, na anayeanguka mara mbili pale haitwi tena. Nisaidie kufikiri. Mimi ni mwoga? Alice anasema nina adabu kama mgeni aliyealikwa harusi asiyoijua, lakini Alice hajui adabu ni nini.

Tafadhali usimwambie Mama kwanza.

Ni mimi binti yako,
Gumato


Rapsu
9 Aprili 2025

Kwa binti yangu Gumato,

Waaleikum salaam. Huku ni amani. Mama yako mzima, vitunguu vimenenepa, punda ni yule yule. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Lodio, akirudi na lori baada ya kushusha vitunguu vyetu huko kwenu. Nashukuru hukujaribu simu. Mimi na simu tuliachana. Masikio yangu niliyasahau ndani ya injini miaka mingi. Barua nimeisoma kwa sauti kama ilivyo desturi yangu, na kwa hivyo Mama yako amejua. Nilipofika pale "usimwambie Mama" alikuwa ameshakaa karibu yangu na chai.

Ulianguka Oktoba na mimi nimejua Aprili. Sijakasirika. Nimecheka, kisha nikaacha kucheka, kwa maana nimeona ugonjwa wako ni wa kurithi.

Wewe si mwoga, wewe ni Mborana. Kwetu mtu akija na habari, hata ya msiba, kwanza ni nagaa, yaani amani. Nyumba amani? Amani. Watoto amani? Amani. Mifugo, malisho, njia? Amani. Apewe chai, apumue, wenyeji wapumue, ndipo aseme ni nani amefariki. Ni adabu nzuri na sitakubali mtu aitukane. Lakini ni adabu ya watu wanaotembea kwa miguu. Ukishapanda kitu chenye injini, mambo yanabadilika.

Nikusimulie. Miaka ile nikibeba ng'ombe kutoka soko la Oldonyiro kwenda Nairobi, taniboi wangu, msaidizi wa kukaa nyuma na mzigo, alikuwa Ewesit, baba yake Alice. Unamjua. Kitu kikiharibika huko nyuma, Ewesit alipiga bodi ya lori kwa ngumi na kupaza sauti, "Simama, tunakufa!" hata kama ni kamba tu imelegea. Alinichosha. Basi mwaka mmoja akaumwa, nikamchukua Ridwan, kijana wetu, mtoto wa watu wenye heshima. Tukawa tunarudi, lori tupu, tunateremka kutoka Timau kuja Isiolo. Ridwan akatambaa kando ya bodi, akaleta kichwa kwenye dirisha langu.

"Sharamo, nagaa?"

Nikasema nagaa.

"Safari haijakuchosha?"

Haijanichosha, alhamdulillahi.

"Na nyumbani uliacha amani?"

Amani.

"Lori nalo amani?"

Kabla sijamjibu, nikaona tairi linatupita upande wangu, linakimbia peke yake kuelekea Isiolo. Ridwan akaliangalia, akasema kwa upole, "Hilo ndilo nilikuwa nakuja kukuambia."

Tulilikuta kwenye shamba la ngano la watu. Mungu alitulinda, lakini si kwa msaada wa Ridwan.

Sasa dawa yako ni hii. Kuanzia leo, kila barua utakayoniandikia ianze na habari mbaya, kabla ya salamu. Mungu anajua nia, salamu itafuata. Kama huna habari mbaya, tafuta. Mkono ukizoea, ulimi utafuata.

Baba yako,
Sharamo


South C
14 Aprili 2025

Aba, nimechoma kwa pasi hijabu mpya niliyonunua kwa ajili ya mahojiano, tundu la kupitisha kikombe.

Assalaam aleikum.

Lo, ni kazi ngumu! Niliandika sentensi hiyo nikahisi nimeingia nyumbani kwa mtu na viatu vya matope. Niliifuta mara mbili. Alice alisimama nyuma yangu akisema, "Andika. Andika na uache." Amefurahi mno kusikia kwamba babake alikuwa na haki miaka hiyo yote.

Tumeanzisha mazoezi. Jioni tunaweka viti viwili vya plastiki bega kwa bega tukitazama ukuta. Usukani wangu ni kifuniko cha sufuria. Alice ndiye Kapteni, na kwa kuwa ni fundi, anajua kila kitu kinachoweza kuharibika kwenye ndege, na vyote anaviharibu. Anapaza sauti, "Moto, injini ya kushoto! Vipi hapo?" na mimi natakiwa neno langu la kwanza liwe lile baya. Jioni ya kwanza nilisema, "Tuko sa—" akanipiga mwiko wa bega. Jirani wa chini amekuja kuuliza kama tunagombana. Tukamwambia hapana, tunaanguka tu.

Jana nilijibu sawa mara nne mfululizo. Halafu Alice akabadilisha, akaniuliza kwa sauti laini, "Gumato, nagaa?" Nikajibu nagaa, mwiko ukashuka. Ni mwanamke mbaya.

Ile habari ya tairi niliisoma kazini, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuangalia mizani ina nini. Nakuona kabisa na uso wako wa heshima, ukitazama tairi lako linakwenda zake. Nakupenda, Aba.

Binti yako,
Gumato


Rapsu
17 Aprili 2025

Kwa binti yangu,

Waaleikum salaam. Huku ni amani tupu.

Habari ya hijabu imetufurahisha sana. Mama yako anasema ununue nyeusi, nyeusi haionyeshi makosa. Endelea na viti na umwambie Alice asilegeze mwiko.

Siku hizi nakaa sana kivulini, Mama yako ndiye anayefungulia maji shambani. Uzee una faida zake. Ndovu walikuja kutoka upande wa mbugani wakaonja vitunguu kidogo, wakaondoka. Ni amani.

Mwandiko ukiwa mbaya usijali, naandikia juu ya paja.

Baba yako,
Sharamo


South C
22 Aprili 2025

Aba, nimerudi nyuma. Jana kazini gunia lilipasuka nikiwa nimelishika, miraa ikamwagika chini yote, na msimamizi alipouliza kutoka ofisini "Vipi huko?" nilijibu, "Salama kabisa!" Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema hivyo, miguu ikiwa ndani ya miraa.

Assalaam aleikum.

Ninaogopa. Mahojiano ni Jumanne ijayo. Kwenye viti vya plastiki nimekuwa hodari, lakini nikishtuka kweli, amani inatoka yenyewe. Sijui kama kitu nilichonyonya na maziwa kinaweza kutoka kwa barua tatu na mwiko.

Na Alice hanisaidii tena. Tangu jana amebadilika. Hanichokozi. Amepika chapati bila kuombwa. Amenifulia shuka. Nikimuuliza una nini, ananijibu, "Amani." Alice, kusema amani! Nadhani amepata mchumba na anaogopa kuniambia.

Jambo lingine. Nimesoma tena barua yako ya mwisho. Ni fupi, na amani zimejaa kama mchanga kwenye mchele. Aba, mbona wewe hufuati sheria yako? Najua utasema wewe si rubani. Lakini niandikie jambo moja baya, hata kama ni punda tu amekataa kula. Nitajisikia siko peke yangu kwenye somo hili.

Gumato wako


Isiolo mjini
25 Aprili 2025

Gumato, baba yako amevunjika mguu.

Assalaam aleikum. Ni mimi mama yako. Naandika mwenyewe, kwa herufi za shule ya watu wazima, kwa hivyo nitasema machache.

Aliteleza shambani wiki mbili zilizopita, na yuko hospitali hapa Isiolo tangu Jumapili. Wamempasua na wameweka vyuma. Hatakufa. Anakula. Analalamika kwamba chai ya hapa haina maziwa. Alisema usiambiwe mpaka mahojiano yaishe. Alimkataza Ewesit, na Ewesit akamkataza Alice. Usimgombeze huyo msichana, ameteseka.

Mimi nilikubali kunyamaza. Lakini baba yako anasoma barua zako kwa sauti, na wodi nzima sasa inajua tundu la hijabu. Jana alifika pale unapomuuliza mbona hafuati sheria yake. Akaacha kusoma. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamwambia, "Mzee, mtoto amekuuliza." Akakunja karatasi, akasema ana usingizi.

Nikafikiri, mtu anayefundishwa kutoa habari mbaya bila kuchelewa, si haki yeye mwenyewe apewe ikiwa imechelewa.

Sikuiti uje. Nimetaka tu ujue.

Mama yako,
Habsa


South C
Jumamosi, 26 Aprili 2025

Aba, nimekukasirikia. Sijawahi kukukasirikia hivi.

Assalaam aleikum.

Mama ameniambia. Nilimwendea Alice na karatasi mkononi, na kabla sijafungua mdomo akaanza kulia, akasema siku hizi chache zimekuwa ndefu kuliko masomo yake yote ya ufundi. Tukalia wote wawili juu ya chapati.

Ulinifundisha niandike habari ya kitambaa kilichoungua, na wewe ulikuwa na mfupa uliovunjika. Ulinicheka mimi, ukamcheka na Ridwan maskini. Nikisoma sasa "nakaa sana kivulini" nataka kuichana barua, halafu naona ni mwandiko wako na siwezi.

Sasa sikiliza. Nimeshakata tikiti ya basi la Jumatatu asubuhi. Mahojiano ni Jumanne. Nikija, basi, nimeyaacha. Sitaweza kukaa kwenye kiti kile nikiwa sijui mguu wako una nini hasa, maana Mama kasema machache na wewe hata machache hukusema. Lodio anapita Isiolo usiku huu na kesho anarudi Nairobi. Niandikie. Ukiniandikia ukweli wote, mbaya kwanza, kama ulivyoniagiza mimi, nitabaki. Ukiniandikia amani, nitapanda basi, na kampuni imtafute mtu mwingine.

Sikutishi. Ninakuomba.

Gumato


Hospitalini, Isiolo
Jumapili, 27 Aprili 2025

Gumato, goti langu la kushoto halitakunjika tena.

Daktari ameniambia hivyo na hakuzunguka. Mfupa wa chini ya goti ulipasuka. Nitatembea, kwa fimbo, lakini mguu utabaki umenyooka. Ndio mguu wa klachi. Sitaendesha tena, hata lori la kuazima, hata lile la Lodio siku akiumwa kichwa. Nimeendesha tangu nikiwa kijana, na naona uchungu sana.

Waaleikum salaam.

Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi, na Mama yako ameisikia leo asubuhi kwa mara ya kwanza. Goti hili lingepona.

Ilikuwa siku mbili baada ya kukuandikia habari ya tairi. Jua linaelekea kutua, ndovu wakaingia kwenye vitunguu. Nikatoka na debe, nalipiga. Mmoja akageuka akanitazama. Nilikimbia, Gumato, mimi na umri wangu na kikoi changu, nikaanguka ndani ya mfereji. Ndovu hakunifuata; nadhani alinionea huruma. Mama yako akapaza sauti kutoka nyumbani, mpaka hata mimi nikasikia: "Vipi huko?" Nami nimelala kwenye maji ya vitunguu, mwili unatazama Kinna na mguu unatazama Garbatulla, nikamjibu, "Amani! Wameondoka!"

Akarudi kwenye sufuria yake. Kwa nini asirudi? Nilimwambia amani.

Nikajikokota mpaka mlangoni, nikamwambia nimeteleza. Kesho yake kwenye zahanati kijana akaniuliza, "Mzee, vipi?" Nikamwambia amani, nimeteguka kidogo tu. Akanipa dawa ya kuchua, maana mtu hutibiwa alichosema. Nikachua, nikatembelea mguu uliovunjika kwa zaidi ya wiki, mpaka ukavimba nisiweze kuuficha. Daktari wa hapa anasema kama ningefika siku ile ile, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Barua ya tarehe kumi na saba niliiandika mguu ukiwa umelazwa juu ya lile debe.

Kwa hivyo lile tairi, Gumato, safari hii limenipita mimi, nami nilikuwa dereva na Ridwan pamoja.

Sina lingine nililolificha. Maumivu yapo lakini yanapungua. Naogopa kidogo kuonekana sokoni na fimbo. Mama yako hajasema nami tangu asubuhi, ila ameniletea chai yenye maziwa kutoka nje, kwa hivyo nadhani nitasamehewa.

Bakia huko. Mguu huu hauhitaji mgeni, umefungwa na hauendi mahali. Jumanne ukikaa kwenye kiti na huyo Kapteni akuulize vipi, usinifikirie mimi. Mfikirie Mama yako, anarudi kwenye sufuria kwa sababu ameniamini. Watu wote waliokaa nyuma yako kwenye ndege ndio huyo Habsa.

Na nakupenda. Hilo sijawahi kukuandikia, naona haya, basi lihesabu pamoja na habari mbaya.

Baba yako,
Sharamo


South C
30 Aprili 2025

Aba, jana niliingia kwenye chumba cha mahojiano nikasahau kuwasalimu wakubwa.

Assalaam aleikum. Tikiti ya basi niliibadilisha iwe ya leo, nikampa Alice. Amekwenda kumwona babake na wewe, na kama ameshafika atakusimulia haya kwa kelele zaidi.

Walikuwa watatu mezani. Yule Kapteni mwenye mvi, bwana mwingine, na mama mmoja wa mambo ya wafanyakazi. Mlango ulifunguliwa, nikaingia na hijabu nyeusi, na ulimi wangu, ambao tumeuzoeza kwa mwiko, ukatangulia: "Mimi nilianguka hapa Oktoba kwa sababu nilichelewa kusema injini imezima." Halafu ndipo nikasema, "Habari za asubuhi." Yule mama aliziba mdomo kwa mkono. Nilitaka sakafu inimeze. Lakini Kapteni aliandika kitu.

Kwenye simuleta alinizungusha muda mrefu, kila kitu shwari, mpaka nikaanza kuona raha. Najua sasa alikuwa anasubiri raha hiyo. Taa ikawaka. "Vipi ha—" Hakumaliza. "Injini ya kushoto ina moto, Kapteni." Sikukuona wewe. Nilimwona Mama na sufuria. Tukauzima moto, tukageuza, tukatua na injini moja.

Baadaye akaniuliza nani alinirekebisha katika miezi hii. Nikamwambia, dereva wa lori. Akataka kujua zaidi, nikamsimulia Ridwan dirishani. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha nikamsimulia mfereji, na ulivyomjibu Mama. Hapo hakucheka. Akasema na yeye ana baba.

Watatujulisha mwezi ujao. Vyovyote itakavyokuwa, niliisema kwa wakati wake. Sina hasira nawe tena. Barua yako nililala nayo chini ya mto.

Binti yako,
Gumato


South C
21 Mei 2025

Aba, sitakuja nyumbani Idd hii.

Assalaam aleikum. Nilitaka sana kuja. Nilitaka nione fimbo yako, nikushike mkono tukienda kuswali, nimnunulie Mama sufuria kubwa zaidi ili siku nyingine asiirudie haraka. Nimelia kidogo. Nimeomba ruhusa na wamekataa.

Wamekataa kwa sababu mafunzo yanaanza Jumatatu ya tarehe mbili Juni, na rubani mpya haanzi kazi kwa kuomba ruhusa.

Nimepata, Aba. Nimepata! Soma kwa sauti.

Gumato


Rapsu
26 Mei 2025

Kwa binti yangu rubani,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikitafuta habari mbaya ya kuanzia. Goti ni lile lile, umeshalijua. Kukukosa Idd tumeshakuhuzunikia, na habari hiyo ni yako, siwezi kuiiba. Nikamuuliza Mama yako, akasema jana mbuzi alipiga teke maziwa yakamwagika, lakini alikuwa ameshakamua ya kutosha. Punda anakula. Ndovu hawajarudi. Nimelia, ndiyo, mbele ya Lodio na wapakiaji wake, lakini hilo nimekataa kuliita baya.

Barua yako niliisoma kwa sauti kama ulivyoagiza. Ewesit alikuja kutoka mjini siku hiyo hiyo, na tangu kwenye ua wa miiba alikuwa akipiga kelele, "Simama, tunakufa!" Ndivyo anavyopongeza watu. Alinishika tukacheza ngoma ya Kiturkana, mimi na mguu wangu mmoja mgumu kama mbao. Anasema sasa naruka vizuri kuliko zamani.

Hapa nyumbani kuna sheria mpya. Mama yako akiniuliza vipi, siruhusiwi kusema amani mpaka niseme kwanza kinachouma. Jana aliniita kutoka jikoni, "Vipi huko?" Nikamjibu, "Mgongo unauma, chai imepoa, na nimemkumbuka Gumato." Aliiacha sufuria, akaja akakaa kando yangu. Tulikaa mpaka adhana. Miaka yote hii, sikujua kwamba jibu hilo huleta mtu.

Siku utakapopita juu ya Rapsu, usipige honi, utawaamsha ndovu. Sisi tutatoka tu nje tutazame. Lile debe Mama yako amelisugua na kuliweka mlangoni. Anasema siku hiyo atalipiga yeye.

Nimetafuta kwa uaminifu mpaka karatasi imekwisha. Huku ni amani, Gumato. Safari hii unaweza kuamini.

Baba yako,
Sharamo